Dakika ya Tatu ya Kila Harusi

Chumba ninachofanyia kazi kina dirisha. Nalisema hili mwanzo kwa sababu wageni huwa hawaamini. Siku niliyoanza, shangazi yangu alikata katoni la friji, akalipima kwa macho, akalibandika kwa ndani kwa tepu ya kahawia, na tangu siku hiyo sijui kama nje kuna jua au mawingu mpaka nitoke kwenda msalani. Ulibaki ufa mmoja tu, chini upande wa kushoto, mpana kama kidole. Kwa ufa huo naona ukuta wa jirani na miguu ya wanaopita kichochoroni. Watu wa mtaa wetu nawajua kwa viatu.

Sababu ya katoni ni kazi yenyewe. Shangazi ni mpambaji wa maharusi hapa Malindi, na pamoja na kupamba hutengeneza video ya siku ya kupamba, ile siku ambayo bi harusi huwekwa jukwaani na wanawake peke yao hukusanyika kumtazama. Mwanamume haingii. Simu hukusanywa mlangoni, zikatiwa kwenye beseni, na mama mmoja mkali hulilinda beseni hilo mpaka mwisho. Huko ndani, wanawake ambao mjini huwaoni ila macho huvua mabuibui, wakatokeza na nywele zilizosukwa, mikono wazi, migongo wazi, wakacheza mpaka jasho likawatoka. Wapigapicha ni wanawake wawili. Na wa kuikata na kuiunga hiyo video lazima awe mwanamke, awe wa nyumba inayojulikana, na akae mahali ambapo mwanamume hapiti hata kwa bahati mbaya. Huyo ni mimi.

Video ikikamilika kuna kufuta. Familia humtuma mwanamke mmoja, mara nyingi mama wa bi harusi, aje akae kando yangu kwenye kiti cha plastiki. Namkabidhi flashi, kisha mbele ya macho yake nafungua folda ya harusi yao, nachagua vyote, nafuta, halafu namwaga na lile pipa la taka la kompyuta. Wengine hawaelewi wanachokiona lakini hukitazama kwa makini, kama mtu anayetazama nyama ikipimwa. Mwisho huniuliza, "Wallahi hakuna pengine?" Nami hujibu, "Wallahi hakuna." Jina la shangazi limejengwa juu ya kiapo hicho, na kiapo hicho hukila mimi.

Sikuiomba kazi hii. Baba alifariki nikiwa na miaka saba, na shangazi, dada yake, akanichukua akanilea. Akaniozesha, nikakaa kwa mume miezi kumi na mmoja, nikaachika, nikarudi kwa shangazi na sanduku moja na laptop. Hiyo laptop ndiyo kitu pekee chenye faida nilichotoka nacho kwenye ile ndoa. Nilikuwa nimejifundisha kuhariri video kwayo kwa sababu mume hakuwa mtu wa mazungumzo. Shangazi aliponiona nikiunga vipande vya picha na sauti alishukuru Mungu kwa kupaza sauti, na wiki ile ile akatafuta katoni.

Mwanzoni harusi moja ilinichukua siku tisa au kumi. Kisha nikaanza kugundua kwamba harusi zetu, na waniwie radhi wenye harusi zao, ni moja. Bi harusi anaingia taratibu, anaketi, anafunuliwa. Wanapiga vigelegele. Mama analia. Bibi anacheza. Mashoga, rafiki zake, wanacheza. Keki inakatwa. Bi harusi anaonyesha mikono ya hina, kwanza viganja, kisha migongo. Ukinifumba macho ukaniwekea harusi yoyote ya hapa mjini, nitakwambia kwa sauti tu tumefika wapi. Basi nikajiuliza kwa nini nahangaika kuanza upya kila mara.

Nikachukua harusi moja niliyoipenda ilivyotoka, nikaigeuza templeti, yaani mradi uliokwisha pangwa kila kitu: maandishi ya dhahabu yanayoandika jina la bi harusi, muziki, mahali pa kupunguza kasi, rangi, sauti zilizosafishwa, hata pale taa zinapofifia mwishoni. Harusi mpya ikija, natoa vipande vya zamani natia vipya kwenye mapengo yale yale. Mama wa huyu anakaa palipokuwa na mama wa yule. Kazi ya siku kumi ikawa ya siku mbili. Nakumbuka mara ya kwanza nilivyomaliza mapema, nikatoka barazani, nikakaa kula embe la pilipili mchana kweupe, nikajiona mjanja wa mji mzima. Nilidhani nimejinunulia siku nane.

Shangazi alizichukua zote. Alipoona video zinatoka upesi, akaanza kukubali harusi mbili kwa wiki, kisha tatu, kisha mwezi wa Shaabani, watu wakikimbilia kuoa kabla ya Ramadhani kuingia, alikubali kila aliyebisha hodi. Kadiri nilivyoongeza kasi ndivyo kiti kilivyonishika. Sikuwa na wa kumlaumu. Templeti ile niliitengeneza kwa mikono yangu.

Sasa nieleze kosa langu. Nilipoigeuza ile harusi kuwa templeti, nilibakisha vitu viwili ndani yake. Kimoja ni kipande cha sekunde nne, dakika ya tatu, mahali pa "bibi anacheza". Bibi wa bi harusi yule alikuwa mzee mwembamba, kichwa wazi, mvi zimesukwa mabutu mawili kama mtoto wa shule. Mpigapicha alipomsogelea alimfukuza kwa mkono, halafu akacheka, akashika pindo la dera, akacheza hatua tatu kwa nyonga moja, kwa sababu ile nyingine ilikuwa mbovu. Cha pili ni vigelegele vyake. Katika sauti zote nilizowahi kusafisha sijapata vigelegele kama hivyo, virefu, vikavu, havikwaruzi. Nikaviweka pale bi harusi anapofunuliwa, nikaviacha hapo kwa harusi zote. Mji mzima, kwa miaka minne, maharusi wamefunuliwa kwa koo la bibi mmoja, na hakuna aliyejua.

Kipande cha picha nilikuwa nakibadilisha kila mara, natia bibi mwingine. Kilikuwa pale kunionyesha pengo tu. Lakini bintiye yule mzee, ambaye ndiye mama wa bi harusi, alikuja akaketi kwenye kiti cha plastiki, nikafuta folda yao mbele yake, akaniuliza, "Wallahi hakuna pengine?" Na mimi, templeti ikiwa imelala kwenye folda nyingine, nikajibu, "Wallahi hakuna." Nilijiambia sekunde nne si kitu. Nilijiambia pia kwamba nampenda yule mzee, kana kwamba hiyo ni ruhusa.

Mwaka huu, mwanzo wa Shaabani, nilipata kazi Kilifi. Redio moja ndogo ilikuwa inatafuta mtu wa kuhariri sauti za vipindi. Niliwaambia nyumbani nakwenda hospitali kupimwa macho, nikaenda Kilifi. Meneja alikuwa mama mmoja wa bara, mchangamfu, mwenye Kiswahili cha haraka haraka. Akanipa mahojiano ya mvuvi mmoja yaliyojaa upepo, akaniambia nijaribu. Nikayasafisha, halafu kwa kuwa nilikuwa bado nina muda nikamtengenezea templeti ya kipindi kizima: salamu, muziki, habari, mgeni, tangazo, kwaheri.

"Hii kitu umefanya sasa hivi?" akaniuliza.

"Sasa hivi, mama."

"Unaweza kuanza Jumatatu ya wiki ijayo? Nataka mtu kabla Ramadhani, vipindi vitakuwa vingi."

Nikasema naweza. Chumba chao cha sauti hakina dirisha, nalijua hilo, nilikiona. Kuta zimevalishwa sponji mpaka juu. Lakini kina mlango unaosukumwa na anayetaka kutoka, na nje ya mlango huo kuna watu wanaobishana kuhusu mpira, na hakuna anayekula kiapo. Nilirudi Malindi nikiwa nimekaa dirishani mwa gari, moyo unanienda mbio kwa furaha, na nilipofika nyumbani nikashindwa kufungua mdomo.

Mtu ambaye hakulelewa na shangazi yake hawezi kuelewa. Ningemwambia nini? Yeye ndiye aliyeniosha nilipougua tetekuwanga. Alipouza mkufu wake ili nikasome, hakuniambia. Nililijua kwa kuona shingo yake tupu. Siku moja nilijaribu kwa mbali, nikamuuliza itakuwaje nikipata kazi mahali. Alikuwa anachambua maua ya asmini, hakuinua hata kichwa.

"Na amana za watu nitamwachia nani, mwanangu? Niende sokoni nikaokote mtu?"

"Anaweza kufundishwa mwingine."

"Kazi hufundishwa. Kuaminika hakufundishwi." Akanitupia ua moja mapajani. "Haya, wa Mambrui wanataka yao Alhamisi."

Hiyo harusi ya Mambrui ndiyo iliyoleta mambo. Ilikuwa ya nne kwa wiki ile. Nilikuwa natia vipande bila hata kuvitazama, mama mahali pa mama, keki mahali pa keki. Nilipoanza kuitoa video, yaani kompyuta kuiunga iwe faili moja, ikipita mbele yangu kwa mara ya mwisho, ilifika dakika ya tatu na nikamwona mzee wa mabutu mawili. Sikuwa nimembadilisha. Alicheza hatua zake tatu ndani ya harusi ya watu wa Mambrui wasiomhusu ndewe wala sikio.

Nimejaribu kujidanganya kuhusu dakika ile, na sitaki tena. Nilimwona. Nilijua ni nani na nilijua ni wapi anakwenda. Ilikuwa ni kubonyeza kitufe kimoja, kusimamisha, kumtoa, kuanza upya. Nilikuwa na muda. Mkono wangu ulikuwa juu ya meza, na nikauacha hapo hapo. Nikawaza, hili likijulikana, shangazi hataweza kunibakisha. Nikaiacha video ikaisha, nikaitia kwenye flashi, na mama wa Mambrui alipokuja nikafuta folda yake mbele yake, nikaapa.

Siku mbili baadaye, baada ya swala ya adhuhuri, simu ya shangazi ililia. Alisikiliza amesimama, kisha akakaa. Kule Mambrui wanawake walikuwa wamekusanyika kuangalia harusi yao kwenye TV, na mmoja wao akauliza, huyu si bibi fulani wa Malindi, marehemu? Nilikuwa sijui kwamba mzee alifariki. Alikuwa amefariki mwaka jana. Yule mwanamke alimpigia bintiye marehemu, na bintiye marehemu sasa alikuwa anampigia shangazi kumwambia kwamba anakuja.

Shangazi hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Aliweka simu kifudifudi juu ya mkeka, akaniangalia.

"Ulibakisha?"

"Nilibakisha."

"Umeniua," akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa. "Miaka yote hii. Maiti wa watu, kichwa wazi, anacheza kwenye TV za watu." Akajifunga leso upya kiunoni. "Akija tutamwomba radhi mimi na wewe. Halafu utatoka mle chumbani. Sitakuweka tena. Siwezi."

Niliinamisha kichwa, na naandika hili kwa haya: nilifurahi. Nilikuwa na aibu mpaka masikio yanawaka, nimemwona shangazi akizeeka mbele yangu kwa dakika mbili, na bado kitu kiliruka kifuani. Nilikwenda nikakunja nguo zangu nne kwenye begi. Ilikuwa Jumamosi. Nikahesabu kwamba kesho ni Jumapili, na kesho kutwa niko Kilifi.

Alikuja alasiri ile ile, mwanamke mnene mwenye pumzi fupi, na buibui lake hakulivua alipokaribishwa. Nilimpa shikamoo, akaitikia marahaba bila kunitazama. Shangazi alianza kuomba radhi pale pale mlangoni, akishika mikono yake yote miwili. Yule mama akaitoa mikono polepole.

"Nataka kuona," akasema.

Tukaingia chumbani. Akaketi kwenye kiti cha plastiki, kile kile. Nikafungua templeti, nikaenda dakika ya tatu, nikamwonyesha mamake. Sekunde nne si kitu, unaanza kutazama na zimekwisha.

"Tena."

Nikarudisha. Akasema tena. Sijui nilirudisha mara ngapi. Shangazi alikuwa amesimama nyuma yetu, namsikia akisoma istighfari chini ya pumzi.

"Nilikaa papa hapa," mama yule akasema mwishowe. "Nikaona unafuta."

"Nilifuta folda, mama. Hiki kilikuwa kwingine. Nilikuapia uongo."

Akatikisa kichwa, hasira au nini, sikujua. Akanieleza bila kuniangalia, macho kwenye kioo. Flashi tuliyowapa ilikaa kwa binti yake. Binti alipoachwa, aliiweka kwenye kinu akaitwanga kwa mchi, pamoja na picha zote. Na mzee hakuwa mtu wa kupigwa picha maishani mwake, alikuwa akigeuza uso hata kwa kitambulisho. Kitambulisho hicho ndicho pekee walichobaki nacho, na kwenye hicho ametoka kama mtu aliyekamatwa.

"Hana sauti hapa?" akauliza. "Nasikia muziki tu."

Ningeweza kunyamaza. Lakini alikuwa ameniuliza, na nilikuwa nimechoka kumdanganya mwanamke huyu. Nikarudi nyuma mpaka pale bi harusi anapofunuliwa, nikazima muziki, nikaviacha vigelegele peke yake. Chumba kikajaa. Shangazi aliacha kusoma.

Mama yule alishika meza. "Nilikuwa namsikia," akasema. "Kwa jirani yangu walipoangalia harusi yao. Kwa shemeji yangu vilevile. Kila nikienda kuangalia harusi ya watu namsikia mama, nikasema nimeanza kupagawa, sikumwambia mtu." Halafu akalia, kilio cha mtu mzima kisichopendeza, na shangazi akalia naye, wakashikana.

Mimi sikulia. Nilikuwa natazama kile kipande na kuwaza Jumatatu.

"Nitakutilia kwenye flashi, mama," nikasema upesi, "picha na sauti. Kisha nifute mbele yako, safari hii kweli. Niifute templeti nzima."

"Usifute."

"Ni amana yenu. Haifai kukaa hapa."

"Flashi nimeona zinavyokwenda." Akajipangusa uso kwa ncha ya ushungi, akaniangalia kwa mara ya kwanza, macho mekundu, yamejaa upole ambao sikuustahili hata chembe. "Nipe ya kwangu, lakini na wewe kaa nayo. Kwa watu wengine mama yangu angepotea. Kwako hakupotea. Na mdogo wake yule niliyemwoza, inshallah Mfunguo Mosi, Ramadhani ikiisha, namwoza, na sitaki mkono mwingine ila wako. Uniahidi."

Nilifungua mdomo. Niliapa kwamba safari hii nitasema habari ya Kilifi, nitasema mbele yake ili shangazi asipate pa kunikatiza. Lakini shangazi alishaniwekea mkono begani, mkono mzito, wa moto.

"Atakaa nayo," akasema. "Huyu hatoki hapa. Nitamtoa wapi mwingine kama huyu?"

Habari ilienea kabla ya magharibi. Nilidhani mji ungetukimbia, na kumbe watu walituzidi. Wanawake walianza kuja hata wasio na harusi, wanaketi kwenye kiti cha plastiki, wanauliza kwa kunong'ona kama kwa bahati sikubakisha na wa kwao, mama aliyefariki, dada aliyekwenda Uarabuni asirudi. Nawaambia sikubakisha, na ni kweli, na wananitazama kama mtu anayeficha kwa wema. Sasa wanaokuja kushuhudia kufuta, wapo wanaoniambia nisifute. Jumapili nilimwandikia meneja wa Kilifi kwamba nimepata udhuru. Alinijibu kwa neno moja, "Sawa," na nikaliangalia neno hilo kwa muda mrefu, nikitafuta kama lina hasira. Halikuwa na kitu.

Kwamba nilimwona mzee akipita na nikauacha mkono mezani, sijamwambia mtu. Nikimwambia shangazi leo, atasema ni Mungu aliyenishika mkono.

Wiki iliyofuata, kwa shukrani, alininunulia mashine ya baridi. Fundi alikuja asubuhi kuifunga na kuliziba dirisha kwa matofali, kwa kuwa baridi hupotea. Ilibidi nizime kompyuta na kutoka, kwani ni mwanamume, na nikakaa barazani saa mbili nzima juani, bila embe, bila kitu, nikitazama nyuso za watu ambao mpaka siku ile nilikuwa nawajua kwa viatu. Begi langu lilikuwa bado chini ya kitanda, na nguo zake nne.

Fundi alipofika chini upande wa kushoto, palipokuwa na ufa wangu, alisimama akauliza kutoka ndani kama atuachie tundu dogo la hewa. Nilikuwa tayari nimeinuka kumjibu.

"Ziba," shangazi akamwambia, akanigeukia akitabasamu. "Asije mwanangu akapata joto."